Goti la Mama

Runazi, 6 Agosti 1995

Kaka Shilinde,

Shikamoo. Huku tu wazima, mihogo imekubali, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Barua yako tumeisoma. Unataka tumlete Mama huko Mwanza kwa daktari Mchina anayetibu maumivu kwa kuchomeka visindano mwilini. Mama amekataa katakata. Anasema goti lake linataka kukandwa, na mkandaji tunaye: Nyirabahizi, mkimbizi wa Rwanda, jirani yetu anayelea wajukuu watatu. Huja kila mchana kumkanda kwa maji ya moto na samli.

Nilimgombeza Mama kama wewe, hadi nilipoelewa. Nyirabahizi ukimpa chakula bure anakataa, anasema hakuja kuomba. Lakini akimaliza kukanda, Mama humjazia sufuria ya ugali na maharage, naye hupokea, maana chakula hicho amekitolea jasho.

Kwa hiyo, Kaka, mwambie daktari asitusubiri. Goti limepona tangu mwezi wa tano. Juzi Mama alikuwa anachimba mihogo, ameinama vizuri tu. Alipomwona Nyirabahizi anakuja, akaweka jembe chini, akaanza kuchechemea.

Mdogo wako,
Petronila