Kuku wa Miguu Mitatu

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua kwa baridi. Mgongo wako vipi? Hiyo kazi ya kufua mashuka ya hoteli isije ikakumaliza.

Dada, nimeibiwa. Nilimpelekea mteja suruali zake, niliporudi nikakuta mlango wazi na cherehani ya mama haipo, na meza yake pia. Unajua tangu nitoke gerezani ninakula kwa sindano ile.

Nilikimbia kituo cha polisi. Afisa wa zamu aliponiona akawaita wenzake, "Njooni muone, mwizi kaibiwa!" Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Kosa langu likawa kutaka kuwasaidia. Nikawaeleza kuwa aliyevunja bado anajifunza kazi, katumia nondo mahali ambapo waya ungetosha, kaharibu kitasa kizima bure. Afisa akaacha kucheka. "Unajua sana wewe. Au umejiibia mwenyewe?" Nikaanza kuulizwa mimi nilikuwa wapi.

Nyumbani nako, mama muuza mkaa akaniambia, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu." Majirani wote wakacheka. Nimekaa natazama alama za miguu ya meza sakafuni.

Mdogo wako,
Kitinda mimba


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Nashukuru Mungu u mzima. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Usinikasirikie, lakini na mimi nimecheka. Mwosha huoshwa. Wale uliowaibia nao walikaa wakitazama alama sakafuni, hukuwahi kuwaza? Cherehani ni chuma tu, utapata nyingine. Kunywa tangawizi, kifua kitalegea.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yangu ulipata, najua. Kimya hiki si cha posta.

Juzi mashine moja ya kufulia ilianza kugonga, taka-tak, taka-tak, nikasimama na shuka mkononi kama niliyepotea. Unakumbuka tulivyokuwa tukilala chini ya meza, vipande vya vitambaa vinatuangukia usoni? Mama akikasirika, mguu ulikwenda mbio. Akifurahi aliimba kwa pua, maana mdomoni kulikuwa na pini. Na siku ulipokamatwa mara ya kwanza, hukuwepo wewe, ngoja nikwambie. Alishona mchana kutwa bila uzi. Sindano inapanda, inashuka, kitambaa kitupu. Sikuthubutu kumwambia.

Nilisema ni chuma. Si chuma. Polisi wakucheke, majirani wakucheke, lakini mimi nilipaswa kuwa upande wako. Naona haya, mdogo wangu. Niandikie hata matusi.

Dada yako


Tarehe 19 Aprili

Dada mpenzi,

Salamu. Kifua kimepona. Matusi sina, damu ni nzito kuliko maji. Ila kicheko chako kiliniuma kuliko cha kituoni, hilo lijue, kisha tuyaache.

Nimeiona! Nilikuwa napita duka la samani kuukuu, nikasikia ule mkanda unavyolia kila gurudumu likizunguka. Mteja alikuwa anaijaribu. Nikamwambia mwenye duka, "Hii ni ya mama yangu." Akapaza sauti, "Huyu si yule mwizi?" Nikaondoka haraka kabla watu hawajajaa, maana wakijaa najua mwisho wake.

Nilirudi kituoni. Afisa yule yule. "Cherehani zote zinafanana. Ushahidi wako nini? Neno lako?" Hilo "neno lako" alilisema kama mtu anayetema kokwa.

Dada, kufuli la duka lile nalifungua kabla chai haijapoa. Nimeshalitazama mara mbili. Kuchukua kitu chako mwenyewe si kuiba, au vipi? Nijibu upesi.

Kitinda mimba


Tarehe 28 Aprili

Wewe!

Salamu baadaye. Usiguse kufuli hilo. Ukiingia kwa waya, cherehani itakuwa ya kwao na wewe utakuwa mwizi wao mpaka kaburini. Ndicho wanachongoja.

Igeuzwe meza! Umemsahau kuku wako? Ulikuwa na surua, ukalala chini yake ukamchora ubaoni kwa msumari, ukampa miguu mitatu. Nikakucheka, ukanijibu kwa hasira kwamba wa tatu ni wa akiba. Mama hakumwona mpaka anakufa. Nani mwenye akili hulala chini ya meza yake? Muuza samani naye hajalala.

Nenda mchana kweupe. Mwambie afisa habari za kuku kabla meza haijageuzwa. Akicheka, acha acheke, mradi aje.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mbona kimya?

Kama ulilifungua lile kufuli, niambie. Hata barua ikija na mhuri wa gereza nitaisoma. Mama alizisoma zote. Mimi nashindwa kulala tu.

Dada yako


Tarehe 25 Juni

Dada yangu,

Salamu, na unisamehe. Nilijiapiza nisikuandikie mpaka nijue mwisho, nisije nikakupa furaha ya nusu.

Sikuligusa kufuli. Nilimwambia afisa habari za kuku, akacheka mpaka akakohoa, akaja dukani na wenzake wawili ili wacheke pamoja. Meza ikageuzwa. Kuku huyo hapo, miguu mitatu, buibui kajenga mkiani. Afisa akainama akamtazama. "Ulikuwa na umri gani?" Nikasema nilikuwa sijaanza shule. Hakucheka tena. Muuza samani akamtaja aliyemletea.

Jana ilikuwa mahakamani. Karani akaita, "Mshtakiwa!" Mimi nikasimama. Miguu yenyewe, dada, imezoea. Nikatembea mpaka kizimbani nikaushika ule ubao, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa yule akaja akanishika kiwiko, taratibu. "Siyo huku, ndugu yangu. Leo wewe ndiye mlalamikaji." Akanivutia kiti mbele, nikakaa, machozi yakanitoka mbele za watu.

Akapandishwa yule wa nondo. Majirani zangu wakamzomea, mama muuza mkaa akiwa wa kwanza, wakanigeukia niwaunge mkono. Sikuweza.

Hakimu kaamuru nirudishiwe mali yangu. Cherehani imesimama kwenye alama zake. Nilipoifuta vumbi nikajilaza chini yake kidogo, mtu mzima na mvi zangu, miguu imebaki nje. Nilitaka tu kusikia kama kule chini bado kunanuka mafuta na vitambaa. Kunanuka.

Nafasi yako ya upande wa ukuta ipo. Kuku anakusalimu.

Kitinda mimba wenu