Ndege Hawaambiwi Watulie

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, uzichukue zako kisha uzigawe nyingine kwa wifi na wanao, ingawa hao wakubwa wamesahau kabisa kwamba wana shangazi. Nataka kujua mgongo unaendeleaje, na kama umeacha ile tabia ya kubeba magunia ili kuwaonyesha vibarua wa ghalani kwamba hata karani ana misuli. Kwa umri huo, baba, utakuja kupatikana umelala chini ya gunia na kalamu sikioni. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, macho bado yapo, na studio inajikongoja kwa picha za pasipoti, maana harusi siku hizi kila mgeni anapiga kwa simu yake na kukata watu vichwa apendavyo.

Habari kubwa ni kwamba nimejiunga na kikundi. Cheka, umalize. Ni kikundi cha watu wanaojifunza kupiga picha ndege wakiwa angani, na kinakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye mabwawa ya maji taka, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ndiyo, maji taka. Watu wazima wenye kazi zao wanavaa viatu vya mpira na kwenda kusimama kwenye uvundo wa mji mzima, wameinua videvu juu, wakisubiri kitu kipite. Ningewapita na kuwacheka kwa mbali, kama si yule daktari wa meno.

Alikuja mwezi wa tatu kupiga picha ya pasipoti. Mtu mwenyewe meno meupe kupita kiasi, na anatabasamu hata ukimwambia kwamba pasipoti haitaki meno. Nilipomaliza akazunguka akiangalia picha za ukutani, akasema kwa upole kwamba kazi ni nzuri, lakini mtu akishakaa kwenye stuli nusu ya kazi ameifanya yeye mwenyewe. Ndege, akasema, hakalishwi. Akaniambia kwamba ana kikundi cha wanaoanza, na kwamba hata mimi ningekaribishwa kujifunza. Kujifunza! Mimi niliyeshika kamera miaka thelathini na moja, nifundishwe na mng'oa meno.

Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Ungekuwapo ungenikanyaga mguu ninyamaze. Nilimwambia daktari kwamba nitakuja, na kwamba kwenye maonyesho ambayo kikundi chao kinayaandaa maktaba nitaleta ndege mmoja tu, aliyejaa fremu nzima, jicho lake linaonekana mpaka kiduara cheusi cha katikati, na nikishindwa nitakishusha kibao cha studio kutoka mlangoni. Kibao kile kile chenye jina la baba. Wateja wakashangilia, daktari akatabasamu, na mimi nikabaki nimejifunga kamba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa hebu nikueleze wenzangu. Kuna karani wa benki ambaye nimempa jina la Cherehani, kwa sababu akibonyeza kamera yake inapiga trrrrr, picha ishirini kwa sekunde. Anarudi kwake na picha elfu mbili, zinazotazamika tatu, na anajiita msanii. Kuna mpima ardhi anayekuja na stendi ya miguu mitatu na kuisawazisha dakika ishirini nzima, na akimaliza ndege wameshahama mji. Wote wamevaa nguo za rangi ya matope ili ndege wasiwaone, halafu wanaongea kwa sauti ya mnadani.

Halafu kuna mwalimu mstaafu wa jiografia, mama wa miaka sabini na ushei, mwenye kikamera kidogo shingoni na kiti cha kukunja. Huyu ndiye niliyemdharau kuliko wote, kwa sababu hapigi picha. Anakaa, anaangalia, anaandika daftarini yangeyange, wale ndege weupe wa miguu mirefu, wamefika saa ngapi na wametokea upande gani. Asubuhi nzima anapiga picha mbili, labda tatu, kisha anafunga begi. Nikajisemea huyu bibi amekuja kupunga upepo, na upepo wenyewe ndio huo.

Jumamosi ya kwanza nilifika na kamera ya studio, nikajitenga na hao wanafunzi ili nisipate homa yao. Yangeyange wa kwanza akatokea juu ya ukuta wa bwawa, mweupe, mkubwa, anaruka polepole, wa kupewa bure. Unajua nilifanya nini? Nilimsubiri atulie. Mkono umezoea hivyo: mtu akae, ashushe mabega, aache kupepesa macho, ndipo nibonyeze. Ndege akapita juu ya kichwa changu akaenda zake, na mimi bado nimebana pumzi.

Wa pili nilibonyeza, na wa tatu, mpaka wa thelathini. Jua lilipopanda tukakusanyika kuonyeshana. Zangu zote zilikuwa mistari myeupe, mfano wa taulo lililorushwa kutoka dirishani. Daktari akaomba kamera, akasoma namba, kisha kwa ile sauti anayowaambia wagonjwa kwamba haitauma akanieleza kuwa nilikuwa napiga kwa moja ya sitini ya sekunde. Moja ya sitini, mdogo wangu! Kasi ya pasipoti. Sikuwa nimeigusa tangu mwaka juzi, maana wateja wangu hawaruki. Cherehani alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikasema betri ilikuwa na matatizo.

Jumamosi ya pili nikaweka moja ya elfu mbili, na hapo nikagundua kwamba kasi peke yake haisaidii mtu asiyejua ndege yuko wapi. Nimepiga mikia. Nimepiga miguu inayotoka kwenye fremu. Nimepiga anga tupu, fokasi safi kabisa, anga ambalo nusu sekunde kabla lilikuwa na ndege. Daktari anasema umfuate mapema, uzungushe kiuno wala si mikono, na ubonyeze huku bado unamfuata. Kiuno changu kiliacha kuzunguka zamani. Jumamosi saba nimesimama kwenye uvundo ule, nikirudi nyumbani viatu vinanuka na kadi imejaa takataka, na kila jioni nilijipa moyo kwa kukumbuka kwamba wale wengine ni wajinga kuliko mimi.

Wiki iliyopita nikapita maktaba, nikakuta tangazo mlangoni kwamba mpiga picha wa siku nyingi wa mji wetu ataonyesha kazi yake mpya. Kazi yangu mpya! Picha zilitakiwa kufika kabla ya Alhamisi, na mtaani watu walikuwa wameshaanza kuniuliza kwa kejeli kibao nitakishusha lini. Nikaingia chumba cha giza, nikafungua kabati la chini, nikatoa negativu moja ya zamani, nikaichapa kwenye karatasi kubwa kwa mikono yangu, nikaipeleka.

Ni yangeyange. Amejaa fremu, mabawa yameinuka juu kabisa, matone yanadondoka kwenye vidole vya miguu, na jicho lake linaonekana mpaka kiduara cheusi cha katikati. Wenzangu walikuwa maktaba wakitundika zao, na daktari alipoiona aliketi. Cherehani, mtu wa elfu mbili kwa asubuhi, alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Wakanizunguka wakitaka kujua nilifanyaje, kwa filamu, kwa kamera ya kuzungusha kwa kidole.

Nikatunga. Nikawaambia nililala kifudifudi kwenye majani, nikawaambia habari za pumzi na mapigo ya moyo, upuuzi mtupu, nao wakatoa madaftari. Mpima ardhi akauliza niliinua lenzi kwa digrii ngapi. Nikamwambia arobaini na mbili, naye akaandika arobaini na mbili na kupiga mstari chini yake. Niliwaangalia na vichwa vyao vimeinama, nikawadharau kuliko siku zote.

Yule mwalimu hakuandika. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, kisha akauliza yule ndege alikuwa anatoka wapi. Hakuwa ananitega, alitaka kujua tu. Alisema kwamba yangeyange akishapaa hukunja shingo na kunyoosha miguu nyuma, na huyu shingo bado imenyooka na miguu bado inaning'inia, kwa hiyo ndiyo kwanza anaondoka majini, na lazima kuna kitu kilichomwondoa. Akauliza nilimsubiri hapo kwa muda gani. Nikasema sikumbuki. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunitazama kidogo, kisha akaenda kuchukua kiti chake.

Sikumbuki kwa sababu sikuwapo. Wewe ndiye uliyekuwapo. Picha ile ni yako.

Ulikuwa na miaka ishirini na mimi ishirini na minne. Baba alikuwa na kamera moja nzuri, na alitamka wazi mbele yetu kwamba mmoja ataishika na mwingine atatafutiwa kazi. Alikupa filamu moja ya picha thelathini na sita ujaribu mkono. Ukapotea siku mbili, ukarudi suruali imeloa mpaka mapajani, ukanikabidhi filamu, maana chumba cha giza kilikuwa himaya yangu. Nilipoinua negativu kwenye taa nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimefanya kazi na baba miaka mitano na sikuwa na picha hata moja iliyokaribia hiyo, na nilijua kwamba baba akiiona, kamera itakuwa yako na mimi ndiye nitakayetafutiwa kazi. Nikazitundika zikauke, nikafunga mlango, nikatoka nikakuambia kwamba filamu imeingiwa na mwanga.

Na wewe ukaniamini. Hilo linanishangaza mpaka leo, maana maneno hayo yalikuwa ya kwetu, ya dukani. Ndiyo baba aliyotufundisha kumwambia mteja kila tulipomharibia kazi kwa uzembe wetu, na wewe mwenyewe ulishayasema kaunta mara nyingi tu, uso mkavu, huku mimi nikijizuia kucheka nyuma ya pazia. Ulijua kwamba katika studio ile mwanga haukuwahi kuingia kwenye filamu ya mtu hata siku moja. Lakini aliyekuambia alikuwa dada yako. Baba akasema kijana anapoteza filamu, na mwezi uliofuata ukaenda ghalani. Hukushika kamera tena. Hata kwenye harusi ya binti yako nilipokunyooshea yangu upige picha mbili tatu ulikataa, ukasema huna mkono.

Nilishindwa kuzichoma zile negativu. Nilijaribu mara moja, kiberiti mkononi, nikashindwa kwa sababu zilikuwa nzuri. Badala yake nikakudharau wewe. Nimewaambia wateja miaka yote hii kwamba mdogo wangu naye alijaribu kamera, hakuiweza. Nimekucheka ukarani wako, nimekucheka magunia yako, hata mwanzoni mwa barua hii sikuweza kujizuia. Naona aibu, mdogo wangu. Imenibidi nicheke mji mzima kwanza ndipo niweze kuliandika neno hilo. Mimi ndiye wa kudharauliwa katika habari hii, na nilikuwa nalijua hilo kila nilipofungua mlango wa studio asubuhi.

Jana nilikwenda kwa daktari wa meno, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu waliovimba mashavu, zamu yangu ilipofika nikamweleza kila kitu nikiwa kwenye kile kiti chake cha kulaza watu. Hakutabasamu. Nikamwambia aondoe jina langu chini ya picha. Akauliza aweke la nani, nikamjibu kwamba nimeshakuchukulia vya kutosha bila kukuuliza, na jina lako sitalitoa mpaka utake mwenyewe. Kwa hiyo kibandiko kiko kitupu. Kibao cha baba nimekishusha asubuhi hii, na jirani wa duka la viatu amenishikia ngazi akidhani nakwenda kukipaka rangi.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Negativu zako zote thelathini na sita zimo ndani ya bahasha hii, zifungue kwa mikono mikavu. Usipotaka kuja sitakuuliza sababu, na ukitaka nisikanyage kwako tena nitajua ni haki yako. Lakini mwalimu atakuwapo, na atauliza tena yule ndege alikuwa anatoka wapi, na safari hii sitatunga. Njoo umjibu. Mimi nitasimama nyuma ya watu, nami nataka kusikia.

Msalimie sana wifi, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Wabusu wajukuu. Mungu akulinde wewe na mgongo wako.

Ni mimi,
Dada yako