Alama Nyekundu kwenye Kuta za Obunga

KITUO CHA POLISI, KISUMU
MAELEZO YA SHAHIDI (mara ya pili)

Jina: Lornah Nasipwondi
Umri: miaka 26
Kazi: mhandisi wa madaraja serikalini, mwezi wa tatu kazini
Makazi: Migosi, Kisumu, nyumbani ni Webuye
Yameandikwa na Sajini Wakhisi, Jumanne tarehe 14 Mei 1991, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu kesho mnampeleka Beldina Aoko kortini kwa kumuua Badru Salim, na mnategemea karatasi niliyoitia sahihi tarehe 10. Karatasi hiyo ina uongo. Sajini ameniambia nisiharakishe. Sitaharakisha, lakini naye asinikatize.

Daraja la kijito kinachopita Obunga lilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo kikuu. Anayechora daraja lazima ajue maji yalipanda mpaka wapi mwaka wa mafuriko. Kijito hicho hakuna aliyewahi kukipima. Kwa hivyo unaenda kwa wenyeji, unawauliza, wanakuonyesha ukutani, unapaka alama pale pale. Kesho yake unarudi na mashine kupima kimo cha kila alama. Ukikosea hapo, mvua moja kubwa inabeba daraja na watu walio juu yake.

Mnamo tarehe 8 Mei, Jumatano, saa tatu asubuhi, nilifika Obunga na Badru Salim. Yeye ndiye aliyekuwa akishika mti wa vipimo, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Beldina Aoko, mama anayeuza mandazi karibu na kijito, alituzungusha nyumba kumi na moja. Kila mlango alisema, "Mwonyesheni, huyu mtoto anatuletea daraja." Watu walionyesha kwa furaha. Mzee mmoja alinionyesha maji yalipofika na kitanda alichokiweka juu ya meza ili wajukuu wasizame.

Stoo ilikuwa imetupa rangi nyekundu. Badru alisema, "Mhandisi, hii turudishe, tungoje nyeupe. Watu wa hapa wakiona nyekundu wanaona tingatinga la kubomoa nyumba." Nilimjibu kwamba rangi ni rangi, na mimi sikusomea ushirikina. Hayo ndiyo maneno yangu, yaandike hivyo hivyo. Nilichora mstari wa kulala pale maji yalipofika, na mwingine wa kusimama ukiukata. Ukiusoma kama mimi ni alama ya kimo. Ukiusoma kama mtu aliyesikia habari za vibanda vya Nairobi kubomolewa mwaka jana, ni X ya nyumba itakayobomolewa. Nilichora kumi na moja, nikaenda zangu kula chakula cha mchana.

Alhamisi tarehe 9, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, tulirudi na mashine. Watu walikuwa wamejaa kando ya kijito, labda mia moja. Nilifikiri, haki ya Mungu, kwamba wamekuja kuangalia. Mwanamume mmoja mwenye shati la kijani alisema, "Tulikuonyesha maji, wewe unatuletea tingatinga?" Nilifungua mdomo nimweleze juu ya kimo. Jiwe la kwanza likampata Badru mdomoni.

Alitema meno mawili. Hakukimbia. Alisema, "Mimi ni Badru, baba Zamzam, mnanijua!" Na walimjua kweli, wengine walimwita kwa jina huku wakimpiga. Walimnyang'anya ule mti wa vipimo wakamvunjia mgongoni. Alipopiga magoti, mwenye shati la kijani alichukua tofali kwa mikono miwili akamshushia kichwani. Nilisikia mlio wake. Badru alilala kifudifudi lakini miguu ikawa bado inatambaa. Wakaikanyaga. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga na sufuria, analia, anasema, "Nitalaza watoto wapi? Nitawalaza wapi?"

Hapa ndipo karatasi ya tarehe 10 ilipodanganya. Inasema nilipigwa nikaanguka, sikuona zaidi, ila mwanamke mmoja alipiga nduru na umati ukaja. Sikupigwa hata kofi. Nilikimbia. Nilimwacha Badru, nikang'oa mashine na miguu yake mitatu ya mbao, ile yenye ncha za chuma, nikakimbia nayo. Sijui ni kwa nini niliokoa mashine. Labda kwa kuwa niliitia sahihi stoo na yeye sikumtia sahihi popote.

Mtu alinishika shati kutoka nyuma. Sikugeuka kuangalia. Nilifumba macho nikazungusha ile miguu kwa nguvu zangu zote, nikasikia chuma kikigonga mfupa, na wakati huo, Sajini, nilifurahi. Kisha nikafumbua macho. Alikuwa Beldina. Ngozi ya juu ya jicho lake la kushoto ilikuwa imefunguka mpaka kufika kwenye nywele.

Nyinyi mnasema jeraha lile alitiwa na Badru, Badru akijitetea asiuawe. Badru hakumgusa. Ni mimi.

Hakuniachilia. Alinivuta na ile damu ikimwagika, akanisukuma jikoni kwake, akasema, "Nyathina, nyamaza," yaani mwanangu. Akafunga mlango kwa nje. Nilimwona kupitia tundu la ukuta wa udongo. Ndipo alipopiga nduru, watu walipokuwa wameshampiga Badru karibu robo saa. Aliwaita majirani wa ng'ambo waje kusaidia. Hawakuja. Watu walimwita muuzaji wa ardhi, kwa sababu ndiye aliyenitembeza. Wakampiga mateke. Yeye akalala juu ya Badru, akakaa pale. Polisi mlipofika saa nne na robo, waliokuwa wakipiga walishakimbia, mkamkuta mmoja tu mwenye damu.

Nilikuwa jikoni mlipomfunga pingu. Nilisikia akiwaambia, "Ulizeni mhandisi." Mlipovunja mlango mkaniuliza, nilitikisa kichwa kwamba sikuona kitu.

Siku iliyofuata mkubwa wangu, Bwana Waliaula, aliniandikia ile karatasi ofisini. Alisema habari ya rangi haina haja, na kwamba kazi ya serikali mtu hapewi mara mbili. Baba yangu aliuza ng'ombe wake wa mwisho nisome. Nikaitia sahihi. Badru alifariki hospitalini Jumamosi tarehe 11 alfajiri, akazikwa adhuhuri. Mke wake, Zeituni, alinishukuru kwa kufika mazishini.

Mwenye shati la kijani naweza kumtambua popote. Jina lake silijui. Beldina Aoko hakumpiga mtu yeyote, wala hakumwita mtu aje kupiga. Rangi niliipaka mimi, baada ya kuonywa. Nduru ilikuwa ya msaada. Jicho lile nimelipasua mimi.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Hakuna aliyenilazimisha, na leo hakuna aliyeniandikia.

Sahihi: L. Nasipwondi
Saa sita kasoro dakika tano mchana

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maneno yote naye ameyakubali. Nilimwonya kwamba kwa kusema hivi anaweza kushtakiwa kwa kumjeruhi mtu na kwa kutoa maelezo ya uongo, na kwamba bado angeweza kuondoka akamtafuta wakili kwanza. Amejibu nisikate hata neno moja. Nimemzuia kwa amri ya mkuu wa kituo. Kituo kina seli moja tu ya wanawake. Nilipofungua, mahabusu Beldina Aoko alimtazama kwa muda mrefu, bandeji ikiwa jichoni, kisha akasogea akamwachia nafasi kwenye mkeka.

Sajini J. Wakhisi