Usiwangoje Wageni, Mama

Al Mansoura, Doha

Mama yangu,

Umeamkaje, na shingo imeamkaje? Usinijibu "tuko salama" kama ulivyozoea kwenye simu. Shangazi Righa amenitobolea: siku hizi unalala umekaa, umeegemea mito, maana ukilala chali hewa haipiti. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ataileta Mama Zawadi wa kanisani kwetu, anayekuja likizo, na nimemwomba akusomee mpaka mwisho.

Mimi ni mzima, ila situlii. Sare moja nimeifua mara mbili leo. Ijumaa, ndiyo siku yetu ya ibada huku, nilienda kanisani Mesaimeer, mhubiri akahubiri weee, nikatoka sijui alisema nini. Wenzangu wa chumbani wananiuliza, "Wakio, kwani umekalia siafu?"

Nianze na kosa langu. Mwaka jana ulipoambiwa hilo rovu la shingoni litolewe, mimi ndiye niliyekwambia ngoja. Nilisema hospitali yangu hapa inashirikiana na ile yetu ya nyumbani, madaktari bingwa watakuja, watakupasua wao. Ukafurahi, maana Daktari Mwadime humtaki. "Yule mtoto wa jirani niliyemfuta kamasi, ndiye anishike koo?" Tukacheka sote wawili. Sasa sicheki.

Wiki iliyopita mkuu wetu wa upasuaji aliniita kwenye chumba chenye skrini kubwa. Ndivyo wanavyofundisha: daktari anapasua huko nyumbani, bingwa anatazama akiwa huku na kumwelekeza. Niliitwa nitafsiri, kwa kuwa wauguzi wa huko wakiwa kazini huongea Kiswahili. Skrini ikawaka, nikaiona thieta niliyofanyia kazi miaka sita. Mwadime alikuwa akitoa rovu, Mama, kama lako.

Ulipofika wakati wa kushona, Sista Mghoi akahesabu kwa sauti vitambaa vya kukaushia damu, vile vile alivyonifundisha nilipokuwa mgeni wa kazi. Kimoja hakikuonekana. Akahesabu tena. Mkuu wetu akaniuliza kuna nini, na mimi, bila haya, nikamjibu, "Pengine wamehesabu vibaya."

Nilisema hivyo juu ya watu wangu! Huko Mwadime hata hakuinua kichwa. "Sifungi mpaka kipatikane," alisema, taratibu tu. Wakatafuta sakafuni, kwenye ndoo, kwenye mashuka. Mwishowe yeye mwenyewe akakitoa shingoni mwa mgonjwa, kimejikunja nyuma kabisa, kimelowa damu hata hakitambuliki. Mtu yule angeshonwa nacho.

Mkuu wetu akanigeukia. "Wewe ulifundishwa wapi kuhesabu?"

"Pale pale," nikasema. "Na yule yule." Uso uliniwaka kwa aibu.

Nikamuuliza ni lini wanakwenda kupasua huko. Akashangaa. "Tutakwenda, ila kutazama tu. Kisu anashika yeye. Kwani tumemfundisha kwa nini?"

Basi, Mama, wageni unaowangoja hawaji kukupasua. Umengoja mwaka mzima, rovu linakua, pumzi inapungua, kwa neno langu mimi. Nisamehe. Nililala na kuamka na jambo hili wiki nzima, na kila simu ikilia nadhani ni Shangazi ananipigia na habari mbaya.

Nenda Jumanne, ndiyo siku ya kliniki ya Mwadime. Usijifunge leso shingoni kuficha, mwache aone. Ukitaka mkumbushe zile kamasi, atacheka.

Nisalimie Shangazi Righa, na usimgombeze kwa kuniambia ukweli. Kaka yangu Mwakio ndiye akupeleke, asisingizie ng'ombe. Na Baba Mdogo, mwambie sala zake nazihitaji kuliko wakati wowote.

Siku yako ikifika, wakiwasha ile skrini na wewe ukikubali, nitaomba nikae pale. Sitatafsiri kitu. Sista Mghoi akianza kuhesabu, nitahesabu naye.

Bintiyo aliyekukosea,
Wakio