Wimbo wa Mapigo Saba

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa zangu wawili. Natumaini goti la shemeji limepata nafuu na kwamba ameacha ubishi wa kubeba mitungi ya gesi kana kwamba ana miaka ishirini. Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu. Ananuna unapochelewa kumjibu, basi mjibu hata neno moja. Baba naye hajambo. Macho ni yale yale, ila ulimi umezidi makali.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati, na mimi ningefurahi kukatiwa. Kwa hiyo nimeketi kwenye meza ya jikoni tangu asubuhi, na nakuomba uisome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita mtangazaji wa kile kipindi cha muziki unachokisikiliza kila Jumapili alikuja kwenye chumba chetu cha mazoezi. Ni kile kile cha juu ya duka la rangi. Bado kinanuka tapentaini, na magodoro tuliyoyagongomelea ukutani kuzuia kelele sasa yanamwaga pamba. Alikuwa na swali moja kwa kila mwanamuziki: ni hesabu gani ya mapigo unaipenda kuliko zote, na ipi hutaki hata kuisikia. Nilidhani ni swali la watoto wa shule. Kumbe watu wana ugomvi wao na namba.

Mpiga besi alisema kipenzi chake ni tatu, kwa sababu akishagusa pigo la kwanza yale mawili anawaachia wenzake, naye anapata nafasi ya kuangalia nani kaingia ukumbini. Uvivu huyo bwana alizaliwa nao. Mzee wa tarumbeta alisema anaipenda sita, ile inayobembea, lakini tano aliitukana mpaka mtangazaji akazima mashine yake. Mpiga solo, ambaye hajui kunyamaza, alisema kwake hesabu zote ni sawa. Tulivunjika mbavu, maana tunamjua: hutoka nje ya zote bila upendeleo.

Zamu yangu ilipofika nilisema naipenda nne na siipendi saba. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kuwa saba haichezeki, watu wanakanyagana. Jibu hilo ninalo tayari mdomoni, nimelitoa miaka tisa.

Ndipo kiongozi wa bendi, ambaye siku hizi anapiga gitaa ameketi, akasema kwamba yeye anayoipenda kuliko zote ni saba. Alisema bendi hii ilipata wimbo mmoja tu wa mapigo saba, uliotungwa na mwanamke aliyekuwa akitupigia kinanda, na tangu hapo hajasikia mwingine mzuri kama ule. Kisha akasema linalomuuma hadi leo ni kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyeomba ubadilishwe uwe wa mapigo manne, halafu ulipokwisha kurekodiwa akamgeuka na kumtukana mbele ya watu. Mimi nilijifanya nakaza skrubu ya ngoma.

Kipindi kinarushwa Jumapili hii na utakisikia. Nataka uwe umeisoma barua hii kwanza, na usijidanganye kuwa ni moyo mwema ulionituma. Ni woga. Asingekuja yule mtangazaji, ningekaa kimya mpaka mmoja wetu azikwe.

Wimbo ule uliutunga mwezi mmoja baada ya mama kufariki. Ulitueleza kuwa kila mstari unaishia pigo la saba kwa sababu la nane lilikuwa lake, na hutaki mtu yeyote alijaze. Mzee wa tarumbeta alitoka nje akajifanya anakohoa. Mimi nililia waziwazi, kisha nikaketi kwenye drams, na mguu wangu ukaongeza pigo la nane. Tukarudia, ukaongeza tena. Hukukasirika. Ulisema utanifundisha taratibu, tuanze kwa kupiga makofi tu. Mara mbili nilikuja kwako tukapiga makofi pale sebuleni. Mara ya tatu nilisingizia homa.

Nilikuwa nimesikia kwamba mpiga drams mmoja wa hotelini anataka kujiunga nasi, na kwamba anapiga hesabu yoyote utakayomtajia. Kila nilipokosea nilimwona amekalia kiti changu. Nilimchukia mtu ambaye mpaka leo sijawahi hata kupeana naye mkono.

Basi ile wiki uliyokuwa ukimuuguza baba kwenye wodi ya macho, studio ilipatikana mapema kuliko tulivyotegemea. Simu yako ilikuwa haipatikani. Kiongozi akasema hagusi wimbo wako bila wewe, akaniagiza nikufuate hospitali nikuulize kama tukusubiri au turekodi nyingine. Sikufika hospitali, dada. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha basi saa mbili nzima, nikawaangalia watu wanavyopanda na kushuka, nikarudi. Nikamwambia umesema turekodi, na kwamba umefikiri ukaona heri uwe wa mapigo manne ili watu wacheze. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa kwa kaburi la mama.

Tukaurekodi. Manne mara mbili ni nane, hivyo kila mstari ulibaki na nafasi mwishoni, lile pigo la mama, mwimbaji akaitia neno "jamani". Uliisikia hiyo jamani huko huko wodini, kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ukiwa umeshika uji wa baba. Sasa ukumbi mzima huipigia kelele huku wamenyanyua chupa, na mimi ndiye ninayewahesabia.

Uliporudi uliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa uliniamini. Nikakuambia kiongozi amesema wimbo wako ni kiwete na yeye ameunyoosha. Hakusema hivyo hata siku moja. Ukapanda zile ngazi ukamwambia uliyomwambia, na yeye, aliyeamini kuwa ruhusa ilitoka kwako, akakuona umerukwa na akili. Mligombana katikati ya chumba na wote wawili mlikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya drams na vijiti mkononi, na neno langu moja lingetosha. Ukaondoka. Kinanda ukakigawa shuleni, ukaenda kuwa karani wa stoo, na shemeji aliniambia huimbi tena hata ukiwa unafua.

Kiongozi bado hajui. Nimeona wewe ndiye mwenye haki ya kujua kabla yake. Namba yake haijabadilika. Ukimpigia na kumweleza yote, sitakanusha hata neno, na akinifukuza nitabeba vijiti vyangu nishuke.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonifanya nijichukie. Saba naijua. Ulipoondoka nilianza kujifunza peke yangu, kwa makofi, vile vile ulivyonionyesha sebuleni kwako. Kiburi kilikuwa kimeniisha kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniona. Ilinichukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu, dada. Ya kumi na mbili ningeweza kuja kukugongea mlango, na ulikuwa bado hujakigawa kinanda.

Wape salamu wote wa nyumbani kwako, na wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu ikiwa bado utapenda kunitaja mbele yao. Usiponijibu sitakuuliza sababu.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia ziwa.