Kwa Baba Neema, Aliyembeba Mtoto Mgongoni

Baba Neema wangu,

Nimechoka, mume wangu. Uchovu wa jembe naujua, huo ukilala unaisha. Huu wa sasa naamka nao, napika nao, nakaa nao barazani tangu tulipokuzika.

Unakumbuka mwaka ule tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, upande wa Simbo? Nyumba haikuwa hata na mlango. Homa ikaniangusha, na Neema bado ananyonya. Ulichukua kitenge changu, ukamfunga mtoto mgongoni, ukaenda kuteka maji. Uliporudi ulikoroga uji huku ukimwimbia kwa Kiha nyimbo za mama yako, maneno nusu umeyasahau. Nililala mkekani nikisikiliza, nikajiona nimeolewa vizuri kuliko wanawake wote wa Kigoma.

Kesho yake ukaenda naye hivyo hivyo kwenye shamba la kijiji. Jirani ndiye aliyenisimulia. Mwenyekiti alikuwa akihubiri kwamba binadamu wote ni sawa. Alipokuona akakatisha.

"Ndugu zangu, leo kijiji kimepata mama mpya!"

Wanaume waliegemea majembe wakacheka. Wanawake nao wakacheka. Mama yako mzazi akakufuata, akakifungua kitenge mbele za watu, akamchukua mtoto. "Mwanangu, usinitie aibu," alisema.

Ulirudi mikono mitupu. Nilipokuuliza mtoto yuko wapi, ulijibu, "Kwa bibi yake. Na mambo ya watoto nisiulizwe tena."

Nilidhani ni hasira ya siku moja.

Mdogo wake Neema, Amani, alipozaliwa hukumpakata. Alipochubuka magoti ulisema, "Mwache. Mwanamume halii." Siku uliporudi kutoka Mwandiga kuuza mawese, alikukimbilia mikono wazi, nawe ukampa mkono, mtoto hajaanza hata shule, kama unasalimiana na katibu kata. Niliwahi kukuona ukimtazama akiwa amelala. Mkono wako ulikwenda nusu ya njia, ukarudi. Ulipogundua nakutazama, ukatoka nje.

Kijiji kilikusifu. Walikuita mwanamume kweli kweli, wakakuingiza kwenye kamati. Mimi nililima, nikalea, nikakutazama ukikauka.

Ulipougua, Amani alikuja kutoka mjini, akasimama mlangoni kama mgeni. "Njoo ukae hapa," ulimwambia, ukigusa kitanda. Akaja, lakini akakaa kwenye kiti. Mkazungumza habari za mvua na bei ya mihogo. Nilitamani kuwasukuma kama watoto wanaogombana, lakini mlikuwa wanaume wawili wazima, na mimi nguvu sina. Alfajiri ukaondoka.

Watu wa msiba walipotawanyika nilimkuta Amani nyuma ya nyumba, ananawa uso, ananawa tena.

"Mama," aliniambia, "nilitaka kumshika baba mkono. Sikujua mtu anaanzaje."

Nikamshika wake. Alikakamaa kama ubao. Halafu taratibu akaniegemea, mwanamume mzima mwenye ndevu, akalia mpaka kanga yangu ikalowa begani. Wajomba walikuwa wakipita uani wakituangalia.

Sikumwambia anyamaze.

Maneno yameniishia kwa leo. Pumzika, Baba Neema.

Mkeo,
Mama Neema