Tableti ya Baba Nimeenda Nayo

Bramwel,

Maharagwe yako kwa sufuria, pasha tu. Kuku wapewe maji.

Tableti ya Baba usiitafute, nimeenda nayo Bungoma. Asubuhi ukioga, fundi wako wa hapa Kitale alipiga simu, nikashika. Akasema, "Mwambie kuiroot, yaani kufungua kufuli za mfumo wake, inawezekana juu ni ya zamani, lakini kila kitu kitafutika kwanza." Ati alikuambia hivyo tangu wiki jana.

Na mimi uliniambia unataka tu iache kukwama. Si unajua sauti ya marehemu Baba akigawa shamba la Kabuchai iko humo tu, hakuna kwingine?

~~Nitarudi Jumapili tuongee.~~ Nitarudi nikishatoa nakala. Kama uliogopa kwamba Baba alikusahau kwenye huo mgao, ungeniuliza. Alikutaja wa kwanza.

Dada yako,
Nabwile